Shamba la michungwa limekufa: nipande pongamia, michikichi au nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba ametuachia ekari 9 za michungwa Muheza, ukanda wa chini. Miaka 6 hakuna aliyepalilia. Sasa ni pori, michungwa mingi imekauka, na iliyobaki inazaa vichungwa vidogo visivyoiva vizuri. Kuna minazi mikongwe michache, mingine imeanguka. Jamaa mmoja ananiuzia miche ya pongamia, anasema huko Florida, Marekani, wameipanda kwenye mashamba ya machungwa yaliyokufa na sasa wanakamua mafuta. Mjomba wangu yeye anataka michikichi. Mimi niko Dar na mtaji wangu ni mdogo. Unanishauri nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na poleni sana kwa msiba wa mzee.

Huyo jamaa hajakudanganya kuhusu Florida. Amekupa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo itakayoamua kama pesa yako itarudi au itapotea.

Nianze na Florida yenyewe. Jimbo lile liliishi kwa machungwa ya juisi. Msimu wa 1997/98 walivuna maboksi milioni 244, na boksi lao ni karibu kilo 41. Mwaka 2005 ukagunduliwa kusini mwa jimbo ugonjwa uitwao huanglongbing, unaoletwa na bakteria wanaoziba njia za chakula ndani ya mti na kusambazwa na mdudu mdogo mwenye asili ya Asia. Hauna dawa ya kuuponya. Vimbunga navyo vikapiga mara kwa mara, na kufika msimu wa 2022/23 mavuno yalikuwa chini ya maboksi milioni 16. Mashamba makubwa yakabaki matupu. Hapo ndipo pongamia ilipoingia, na iliingia kwa sababu inayoeleweka: huu ni mti wa jamii ya mikunde, ugonjwa wa michungwa hauugusi, unajitengenezea naitrojeni kwenye mizizi, unavumilia ukame na pia maji yanayotuama, na mbegu zake zina mafuta asilimia 30 hadi 40.

Sasa angalia mantiki ya watu wale. Shamba lilikufa kwa ugonjwa unaoua jamii ya michungwa peke yake, kwa hiyo dawa ilikuwa kubadilisha aina ya mti. Udongo ulikuwa mzima, mifereji ilikuwepo, barabara zilikuwepo. Je, shamba la mzee lilikufa kwa sababu hiyo hiyo? Hujaniambia, na nadhani hata wewe hujajua bado. Ndiyo kazi yako ya kwanza, kabla hujamlipa mtu yeyote hata shilingi moja ya mche.

Tuna mfano wetu wa nyumbani wa mashamba yaliyotelekezwa ambao unafundisha kinyume cha Florida. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zilikuwa zimebaki tani 16,500 hivi. Mikorosho haikuwa imekwenda popote, ilikuwa imesimama pale pale porini. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, wakawa mbali na miti yao, bei kwa mkulima ikawa haimtii mtu hamu ya kupalilia, kisha ukaingia ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri unga ukachoma maua. Kusini hawakuokoka kwa kubadilisha mti. Walipulizia salfa, wakapunguza miti iliyobanana, wakabebesha vikonyo, yaani wakaunganisha vipande vya matawi, vya mikorosho bora kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele, na bei ilipopanda watu wakarudi shambani. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 300,000. Shamba lile lilikuwa limekosa mtu na soko, na mtu na soko viliporudi, mti ule ule ukazaa.

Kwa hiyo nenda Muheza, usitume mtu. Tafuta michungwa iliyo hai bado, uchume majani yaliyokomaa kutoka matawi tofauti, uyaangalie kwenye mwanga. Shika jani moja na ulinganishe upande wa kushoto wa mshipa wa katikati na upande wa kulia. Kama umanjano umekaa sawa pande zote mbili, mishipa ikibaki kijani na katikati yake kukiwa na manjano, hiyo mara nyingi ni njaa ya madini, hasa zinki, na inatibika. Kama umanjano ni wa mabakamabaka yasiyolingana, upande huu una doa kubwa mahali ambapo upande wa pili ni kijani, shuku ule ugonjwa. Pasua tunda kwa urefu. Tunda la mti mgonjwa huwa limepinda, upande mmoja mkubwa kuliko mwingine, mbegu zake nyingi ni ndogo, nyeusi na zilizosinyaa, na kitako cha tunda hubaki kijani wakati kwingine kunaiva. Halafu angalia machipukizi mapya. Mdudu wa Asia ana ukubwa wa punje ya ufuta, na anapofyonza huinamisha kichwa na kuinua mkia. Watoto wake huacha nyuzi nyeupe za nta. Ukiona majani yenye vipele vilivyovimba juu na vishimo chini yake, huyo ni ndugu yake wa Kiafrika, ambaye anapenda zaidi milimani kwenye baridi. Mdudu wa Asia ameripotiwa nchini kwetu tangu 2016, kwa hiyo usidhani ni habari za Marekani tu. Jani na tunda vinakupa shaka ya kufanyia kazi. Uhakika unatoka maabara, na afisa ugani wa kata atakuelekeza namna ya kupeleka sampuli.

Ukikuta ni njaa ya madini, kubanana, vichaka na uzee, basi usiing'oe yote kwa pupa. Machungwa ya Muheza bado yana soko, Dar na hata Kenya. Robo ekari ya miti iliyo hai, ukiikata matawi makavu, ukaipalilia na kuipa samadi kwa misimu miwili, itakuambia ukweli kuliko mimi. Ukikuta ni ugonjwa wenyewe, ng'oa na uchome miti yote iliyougua, wala usipande mchungwa, mlimao wala mndimu mpya hapo kwa sasa.

Kuhusu udongo una bahati ambayo wengi hawana: kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano kiko wilayani humo humo Muheza, na udongo ndiyo kazi yake kubwa. Chukua udongo sehemu kadhaa za shamba, wa juu na wa kina cha futi mbili, usichanganye wa bondeni na wa mlimani, upeleke ukapimwe. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na mashimo 400 yaliyochimbwa mahali pasipofaa. Kama mzee alikuwa akipuliza mrututu kwa miaka mingi, waambie pia, kwa sababu shaba hukaa udongoni na kuisumbua mimea michanga.

Tuje kwenye pongamia sasa. Mti nauheshimu. Tunda lake ni ganda bapa na gumu, refu kama kidole, na ndani mara nyingi mna mbegu moja tu ya kahawia. Mafuta yake ni ya manjano iliyokolea, yana harufu nzito na uchungu usiovumilika, kwa sababu yana kemikali ambazo si salama kuliwa. India, ambako mti huu ni wa asili, wameyatumia kwa karne nyingi kwenye taa, sabuni, ngozi na dawa, si kwenye chungu. Mashudu yake ukimpa ng'ombe utamdhuru. Ni mbolea nzuri na pia hufukuza baadhi ya wadudu wa udongoni. Wale wa Florida wanaotaka kuyafanya mafuta ya kula na mashudu kuwa chakula wanayapitisha kwanza kiwandani kuondoa zile kemikali. Kiwanda hicho wewe huna, na mwenye mashine ya kukamua alizeti hatakubali mbegu hizo zipite kwenye mashine yake halafu kesho akamue mafuta ya kupikia. Nami ningemuunga mkono.

Kisha kuna suala la mche. Pongamia ya mbegu haina msimamo. Miti miwili iliyotoka kwa mama mmoja, mmoja unaweza kujaa maganda hadi matawi yainame na mwingine usimame miaka 10 ukitoa kivuli tu. Ndiyo maana kule Marekani wanapanda miche ya kubebesha, iliyotokana na miti iliyochaguliwa kwa miaka. Muulize muuzaji wako: miche yako ni ya mbegu au ya kubebesha? Kikonyo kilitoka mti upi, nikauone? Akijibu kwamba pongamia zote ni sawa, umeshapata jibu lako. Hata ya kubebesha inahitaji kama miaka 4 au 5 kabla ya kuzaa cha maana. Na uvunaji wao ni wa mashine inayoushika mti kwenye shina na kuutikisa, kazi ya muda mfupi kwa kila mti, kwenye mashamba ya mamia ya hekta. Kwako ni mikono, gunia na malipo ya kibarua. Jambo jingine wasilolisema: mti huu huchipua kutoka mizizini, na ukibadilisha mawazo baadaye, kuung'oa ni kazi ya jasho.

Nina sababu ya kuwa mkali hapa. Kati ya 2005 na 2010 nchi yetu ilipitia wimbi la mbono, ule wa uzio na makaburini. Tuliambiwa unastawi kwenye ardhi mbovu, hautaki maji, mafuta yake yataendesha magari ya Ulaya. Kilwa na Kisarawe kampuni za kigeni zilipewa maelfu ya hekta za ardhi ya vijiji, na katika miaka michache zikasimama. Mti uliota vizuri tu. Kilichoshindikana ni hesabu. Ardhi mbovu ilitoa mbegu kidogo, matunda hayakuiva kwa pamoja hivyo mchumaji alirudi mti ule ule mara nyingi, na kilo 4 au 5 za mbegu zilitoa lita moja tu ya mafuta yasiyolika. Wakulima wadogo waliopanda kwa kuahidiwa mnunuzi walibaki na uzio. Kila nikisikia mtu anauza miche ya mti wa mafuta bila kutaja nani atanunua mbegu, nawakumbuka wao.

Linganisha na Kenya, maeneo ya Nanyuki, ambako mbegu za mukinduri, mti wa asili wa huko, zimekuwa zikinunuliwa kwa ajili ya mafuta. Miti ilikuwepo tayari mipakani mwa mashamba na kando ya barabara, watu wakaokota zilizoanguka wakauza. Hakuna aliyeng'oa mahindi yake kuupisha mukinduri. Mnunuzi alitangulia, shamba likafuata.

Mjomba mpe heshima yake, michikichi ina mafuta mengi kwa ekari kuliko mti wowote ninaoujua, na nchi inaagiza mafuta ya kula kwa wingi, kwa hiyo soko lipo. Tatizo ni maji. Mchikichi unataka mvua ya karibu milimita 1,800 hadi 2,000 kwa mwaka, iliyosambaa, bila kiangazi kirefu. Muheza ya chini ina kiangazi cha Januari na Februari, na mvua hupungua tena katikati ya mwaka. Hata Kigoma, mti unastawi zaidi mabondeni na karibu na ziwa ambako maji ya chini ya ardhi yako juu. Halafu mikungu ya chikichi haitaki kulala: ikikaa zaidi ya siku moja au mbili bila kukamuliwa, mafuta yanaanza kuharibika, kwa hiyo bila kinu cha karibu umekwama. Kama shamba lenu lina bonde lenye unyevu mwaka mzima, mwambie mjomba apande michikichi kama 20 ya aina chotara iitwayo tenera, mbegu iliyozalishwa na TARI Kihinga, Kigoma. Asiokote chikichi barabarani akadhani ni mbegu. Mtoto wa tenera hatoki kama mzazi wake.

Mjomba angekuwa na shamba juu milimani, Amani na jirani zake, ningemtajia msambu, mti wa asili wa Usambara wenye tunda kubwa mno na mbegu zenye mafuta mazito yanayoganda kama siagi. Lakini huo ni mti wa msitu na ukungu, huko chini kwenu hautafurahi.

Kama shamba lingekuwa langu, ningepanda minazi. Najua umeshangaa, maana ndiyo inayoanguka hapo shambani. Lakini mnazi ni mti wa mafuta ambao mnunuzi wake ni kila jiko kuanzia Tanga hadi Dar. Unauza dafu, unauza nazi, bei ikianguka unakausha mbata, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni mafuta, na mafuta ya nazi akina mama wanayakamua nyumbani bila kiwanda chochote. Hakuna mti mwingine wa mafuta unaokupa milango minne ya kutokea kwa mtaji mdogo.

Chagua mnazi mrefu wa Afrika Mashariki, kwa mbegu kutoka miti ya jirani inayozaa sana na yenye afya, au uulizie TARI Mikocheni, ambao minazi ndiyo kazi yao ya miaka mingi. Kitamli, yaani mnazi mfupi, na mahuluti (machotara) huzaa mapema, miaka 3 hadi 5, wakati mrefu unangoja 6 hadi 8. Nakusihi ungoje. Kwenye mwambao wetu kuna ugonjwa wa minazi unaodondosha nazi changa, kuozesha kilele na kuacha nguzo tupu, na minazi mifupi iliyoletwa kutoka nje imeonekana kuuvumilia vibaya zaidi. Vitamli vichache karibu na nyumba kwa ajili ya madafu, sawa.

Minazi iliyoanguka ishughulikie kabla ya kuleta mche hata mmoja. Chonga, yule mende mkubwa mweusi mwenye pembe, hutaga kwenye magogo ya minazi yanayooza. Chukua panga, pasua gogo lililolainika, utakuta mafunza meupe manene yaliyojikunja, mengine makubwa kama kidole gumba. Hao ndio watakaotoka usiku kutoboa kilele cha mnazi wako mchanga, na majani yakifunguka utayaona yamekatwa pembetatu kama kwa mkasi. Kata magogo vipande, chanja, choma au fukia kwa kina. Kuku wakiachiwa hapo siku mnapopasua watawasaidia. Kinyume chake, ukikuta maji moto juu ya michungwa iliyobaki, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, usiwamwagie dawa ingawa wanauma. Wanawala wadudu wanaofyonza nazi changa na korosho changa, na minazi yenye maji moto wengi huzaa vizuri zaidi.

Nafasi ni mita 9 kwa 9, ndiyo minazi kama 50 kwa ekari. Nafasi hiyo inaacha jua jingi katikati kwa miaka 5 au zaidi, na hapo ndipo pesa yako ya mapema ilipo. Panda ufuta. Unakomaa kwa miezi 3 au 4, ni wa mafuta pia, na wanunuzi wanauulizia wenyewe. Msimu mwingine weka kunde ili udongo upumzike. Muhogo usiusogeze karibu na mche, acha mita 2 kila upande. Usifyeke ekari 9 kwa mkupuo. Ukishindwa kupalilia mwaka wa pili, pori litarudi na kukuta umeshatumia akiba yote. Anza na ekari 3, zile zilizo karibu na njia. Sehemu yenye mchanga na ukavu zaidi iache kwa mikorosho ya kubebesha. Na kama bado roho yako iko kwenye pongamia, panda michache mpakani, ya kubebesha tu, nyuki wanaipenda na ng'ombe hawali sana majani yake. Ukipata mnunuzi mwenye mkataba wa maandishi, bei ya chini iliyotajwa na gari la kufuata mzigo shambani, tutazungumza upya kuhusu ekari.

Jambo la mwisho silo la kilimo, lakini limeharibu mashamba mengi ya pwani kuliko chonga. Kwetu mwenye mti si lazima awe mwenye ardhi. Inawezekana michungwa ilikuwa ya mzee na ardhi ni ya ukoo, au minazi ile mikongwe ni ya shangazi yenu tangu zamani. Umesema "ametuachia", kwa hiyo hauko peke yako. Mnazi utakaoupanda mwakani utazaa miaka 50 na zaidi, na siku utakapoanza kuzaa ndipo madai yatakapojitokeza. Kaeni kikao cha familia, mfungue mirathi mahakamani, muandike nani anapanda, nani anamiliki miti na nani anamiliki ardhi, mjomba na shangazi wakiwepo na mwenyekiti wa kijiji akishuhudia.

Hilo likikamilika kabla ya Desemba, Januari wakati pakavu fyeka zile ekari 3 na upasue magogo, bila kuchoma pori kiholela maana moto wa majirani huanza hivyo. Februari chimba mashimo ya futi 3 kwa 3, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, uyaache yapumue. Masika ikishika, panda. Majibu ya Mlingano yakitoka nitumie pamoja na picha za yale majani, pande zote mbili.